Mkate wa kumimina wa bibi aliyeanza kusahau

Swali: Shikamoo mwalimu. Kwetu ni Wete, lakini naishi Leicester, Uingereza, tangu nina miaka 10. Bibi yangu mzaa mama sasa ana miaka 81, na kila Ramadhani mkate wa kumimina wa nyumba nzima unatoka mikononi mwake. Nimempigia simu mara tatu kumuuliza vipimo. Mara ya kwanza alisema tui vikombe viwili, mara ya pili vitatu, mara ya tatu akacheka: "Unatia tu mpaka itoshe." Mama anasema bibi ameanza kusahau, anauliza jambo moja mara nne kwa asubuhi moja. Mimi nimejaribu kwa unga wa mchele wa paketi, mkate unatoka mzito kama tofali, hauna matundu. Mwezi wa Shaaban nakwenda Pemba kwa wiki tatu. Nifanye nini nisiupoteze mkate wake? Na nikilazimika kubadilisha vitu nikirudi huku, utakuwa bado mkate wa bibi?

Jibu: Marahaba, mwanangu.

Katika majibu matatu aliyokupa bibi yako, la tatu ndilo la kweli kuliko yote, wala si dalili ya kusahau. Nazi iliyoangushwa jana na nazi iliyokaa dukani mwezi mzima hazitoi tui sawa. Mchele mpya, uliotoka kuvunwa, hunywa maji kidogo. Uliokaa ghalani hunywa mengi. Mtu aliyeupika mkate huu miaka 60 hana vikombe kichwani, na hakupata kuwa navyo. Alichonacho ni sura ya rojo linavyodondoka kwenye upawa likiwa limefika. Ulipomtaka vipimo kwenye simu ulimtaka kitu ambacho hakuwahi kukitia katika maneno, naye kwa kuwa anakupenda na hakutaka urudi mikono mitupu, akakutungia kimoja. Ningekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo.

Hayo mengine aliyoyaona mama yako, ya kuuliza jambo moja mara nne, yachukueni kwa uzito. Kama bado hajaonwa na daktari, mpelekeni, na hilo litangulie habari ya mkate. Si kila kusahau kwa mzee ni maradhi yasiyo na dawa. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo inayofanya kazi chini ya kiwango, huzuni ya muda mrefu, dawa zinazogongana, hata masikio yaliyopungua kusikia, vyote hivyo humfanya mzee aonekane amesahau, na vingi kati yake vinatibika.

Lakini tuseme ndiyo mwanzo wa maradhi yenyewe. Hata hapo hujachelewa, na sababu yake nataka uielewe vizuri, kwa kuwa mpango mzima wa wiki zako tatu umesimama juu yake. Kumbukumbu za mtu hazikai mahali pamoja. Kukumbuka kwamba jana alikuja mgeni, au kwamba nimeshakwambia vikombe viwili, ni kazi ya sehemu ya ubongo ambayo maradhi haya, hasa ya Alzheimer, huishambulia mapema. Kukumbuka namna ya kusuka ukili, kushona kofia, kukuna nazi, ni kumbukumbu ya vitendo. Inakaa kwingine, na mara nyingi hudumu muda mrefu baada ya ile ya kwanza kuanza kuchakaa. Miaka 26 nimekaa majikoni mwa watu, Unguja na Pemba, nikikusanya mapishi ya wazee. Nimewaona kina bibi wasiojua leo ni siku gani. Lakini mkalishe juu ya mbuzi, umpe kizio cha nazi, uone. Mgongo unanyooka, magoti yanajipanga, na nazi inakunwa mpaka karibu na kifuu bila kutia weusi hata chembe.

Basi usimuulize. Pika naye.

Umechagua Shaaban, na umefanya vizuri kuliko unavyojua. Ramadhani ingekuwa tabu: mchana hakuna anayeonja, alasiri jiko zima linakimbizana na adhana, na wazee wengi wenye maradhi haya huchanganyikiwa zaidi jua likianza kushuka. Pikeni asubuhi, mkishakunywa chai, pasiwe na mtu anayehesabu dakika. Na kuna jambo nimelifikiria sana kuhusu mkate huu. Kwetu ni chakula cha futari, maana yake wanawake waliotulea wameupika maisha yao yote hali wamefunga, siku baada ya siku, bila kuuonja mpaka ukishakuwa mkekani. Naamini ndiyo sababu ujuzi wao ukahamia kwenye jicho, pua, sikio na kiganja. Ulimi haukuwa na ruhusa. Wewe uliyezoea kuchovya kijiko itabidi uyafuate hayo manne.

Mara ya kwanza usiandike kitu. Mchambulie mchele, mkunie nazi yeye akuangalie, uwe mjukuu tu. Mara ya pili, siku mbili tatu baadaye, leta mizani. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Humsimamisha mzee katikati ya kazi, humpokonya kikombe, "ngoja kwanza bibi nipime", na mkono ukishakatizwa hupotea njia. Usimguse. Pima vyombo. Mfuko wa mchele upime kabla hajachota, uupime tena akishachota. Kilichopungua ndicho kipimo chake. Kopo la sukari hivyo hivyo, bakuli la tui hivyo hivyo, hata hamira na iliki, ila kwa hizo mbili utahitaji ile mizani ndogo inayosoma mpaka chini ya gramu moja. Iwe ya betri, na uchukue betri za akiba.

Mara ya tatu pika wewe, yeye akae kwenye kigoda. Hii ndiyo siku nitakayokuomba uwashe simu irekodi, na uiweke kwenye kimo cha mikono, nyuso ziache. Mtu aliyepika miaka 60 hawezi kukueleza anachokijua, lakini hawezi pia kuvumilia kukiona kinakosewa. Utasikia "Eh!" kabla hujamwaga. Utasikia "bado hilo", "hebu acha", au utaona tu mkono wake umenyooka kuutaka mwiko. Kila penye "Eh!" ndipo pishi lilipo. Andika hapo hapo rojo lilikuwaje: lilikuwa linakatika matone, au linateremka kama utepe? Utepe ule ulipogusa bakuli ulizama mara moja au ulikaa juu kidogo? Maneno ya namna hii yatakufaa Leicester kuliko gramu zote, kwa kuwa gramu zinakupa mahali pa kuanzia na sura ya rojo inakwambia umefika.

Juu ya vyombo nasisitiza kwa sababu niliwahi kuumia. Nilipokuwa bado mgeni wa kazi hii niliandika vitumbua vya shangazi yangu: mchele vikombe vitatu, tui vikombe viwili, nikaridhika. Alipofariki nikavipika, rojo likawa maji matupu, vitumbua vikalala kwenye karai. Nikarudia mara tano. Miaka miwili baadaye binamu yangu alikuwa anahamisha kabati la marehemu, akakuta bilauri nene ya kioo, kitako kizito, ndani inaingia mililita 160 tu. Ndipo nikakumbuka. Mchele alikuwa akiupima kwa kopo la maziwa, tui akilipima kwa ile bilauri, na mimi vyote nikaviita vikombe, nikavipika kwa kikombe changu cha 250. Niliikumbatia bilauri ile nikalia jikoni kwa watu. Kwa hiyo kila chombo atakachokishika bibi yako, kijaze maji, yapime maji yale, kipige picha.

Akisema kibaba au pishi, hapo una bahati. Pishi ni ile ile unayotolea zaka ya fitri, inayokadiriwa kilo mbili na nusu, na ndani yake mna vibaba vinne. Kibaba basi hukaribia gramu 600. Akisema ukufi au konzi, hivyo navyo ni vipimo kamili, ila vinakwenda na mkono wa mtu. Mwombe achote ukufi mmoja wa mchele aumwage juu ya mizani, arudie mara tano, uchukue wastani. Wazee wanapenda mchezo huu. Utashangaa jinsi mara zote tano zinavyokaribiana.

Tahadhari moja. Maradhi haya ya kusahau mara nyingi huigusa pua mapema, pengine kabla ya watu kuona lolote jingine. Pua ikidhoofika, mpishi hutia zaidi bila kujua. Kwa hiyo iliki utakayoipima mwaka huu inaweza kuwa nyingi kuliko ile ya bibi wa miaka kumi iliyopita, na sukari pia. Mpe mama yako kipande, ulimi wake umelelewa na mkate huo. Akisema iliki imezidi, usimsahihishe bibi, wala usimwambie mtu mbele yake. Andika zote mbili: iliki ya leo, na iliki mama anayoikumbuka.

Hapo umeshajua kwamba hutapata pishi moja la mkate huu. Mama ana lake, mama mkubwa ana lake, na kila mmoja ataapa kuwa yeye ndiye aliyefundishwa sawasawa. Waandike wote.

Sasa habari za kale, kwa kuwa najua hutaki mkate mtupu. Umesema unataka usiupoteze mkate *wake*, na mkate ukiwa hauna yeye ndani ni mchele na nazi. Harufu ina njia yake ya pekee kichwani. Tunachokiona na tunachokisikia hupita kwanza kwenye kituo katikati ya ubongo, kisha hugawanywa. Harufu haingoji pale, inakwenda moja kwa moja jirani na sehemu zinazoshughulika na hisia na kumbukumbu. Ndiyo maana wewe mwenyewe ukinusa iliki na tui la moto huko Leicester unajikuta uani kwa bibi kabla hujajua kwa nini. Kwa hiyo maswali yako usiyapeleke sebuleni. Yaulize iliki inapotwangwa. Hata kama pua yake imechoka, mlio wa kinu na joto la jiko vinasaidia, na mikono ikiwa kazini mdomo hulegea.

Usianze na "Bibi, unakumbuka?" Swali hilo ni mtihani, na mtu anayejua kwamba ameanza kusahau huliogopa. Uliza kitu chenye mlango: Kwenu nani alikuwa anakuna nazi? Mkate ukiungua mlikuwa mnafanya nini? Ulipoolewa, mkate wako wa kwanza ukweni ulitokaje? Nakuomba sana pia umuulize walipika nini miaka ya mgao. Watu wa umri wake walikuwa na nyumba na watoto wadogo mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati mchele na sukari vilipokuwa vikitolewa kwa mgao visiwani, na mkate huu hauendi bila mchele na sukari. Nyumba nyingine waliacha kuupika, nyingine walitia muhogo, nyingine walikusanya mchele kidogo kidogo kwa ajili ya usiku mmoja tu wa Ramadhani. Ya nyumba yenu anayajua yeye. Na akirudia kisa alichokisimulia jana, msikilize upya. Mara nyingi kisa kinachorudiwa hurudi na mtu mmoja zaidi ndani yake, au jina la mtaa, au rangi ya kanga.

Tuje kwenye tofali. Hili ni vizuri ulitatue kabla ya safari, ili uende Wete macho yako yakiwa tayari yanajua yanatafuta nini.

Kosa la kwanza ni unga wa paketi. Umesagwa mkavu, kwa mashine, na chembe zake zimevunjika kwa namna nyingine, zinakunywa maji kwa namna nyingine. Mkate wa kumimina unataka mchele uliorowekwa usiku kucha, ukasagwa na tui mpaka ukiusugua kati ya vidole viwili usisikie mchanga. Blenda yako inaweza, ila uisage muda mrefu kuliko unavyodhani, na uipumzishe isipate moto. Chagua mchele mweupe wa kawaida. Ule uliochemshwa kabla ya kukobolewa hausagiki ukalainika hivi.

Kosa la pili ni tui la kopo lililotoka kabatini kwa baridi. Bibi anakamua nazi kwa maji ya vuguvugu, na jiko lake lina nyuzi 30 bila kuwasha kitu. Lako wakati wa baridi pengine lina 18. Hamira ni kiumbe hai, kwenye baridi inalala. Pasha tui mpaka ukitia kidole usihisi moto wala baridi, lisizidi hapo, kwa kuwa joto likikaribia nyuzi 60 hamira inakufa. Kisha liweke bakuli la rojo ndani ya oveni iliyozimwa, taa yake tu ikiwa inawaka. Usihesabu saa. Ngoja mpaka rojo lipande karibu mara mbili na juu yake pawe na povu dogo dogo, na usilipitishe hapo mpaka linuke uchachu, kwa sababu likishaporomoka halirudi.

La tatu ndilo lenyewe. Ngano ina kitu kinachovutika kama mpira, kinashika hewa. Mchele hauna. Hewa ya hamira kwenye rojo la mchele inashikwa na uzito wa rojo lenyewe na ule ute wa yai, basi. Rojo likiwa jepesi hewa yote inatoka juu, likiwa zito kupita kiasi hewa haipati nafasi ya kutanuka, na yote mawili yanakupa tofali. Anza na mchele gramu 400 (uupime ukiwa mkavu), tui mililita 350, sukari gramu 150, hamira ya chengachenga gramu 5, ute wa yai moja, iliki punje nane. Sukari wengi tunaitia mwishoni, rojo likishaumuka, kwa sababu sukari hulilegeza rojo na ikiwa nyingi huichosha hamira. Wako wanaoitia mwanzo na mkate wao mzuri. Mtazame bibi yeye anaitia lini. Ute wa yai uje baada ya hapo, uuchanganye kwa mkono mwepesi.

Halafu moto. Kule Wete bibi atapasha sufuria yenye mafuta kwanza, atamimina, na utasikia chini pakilia kidogo. Mlio ule ndio unaoanzisha matundu, hewa inapanda kutoka chini na kuacha njia yake. Sufuria baridi haina mlio, na mkate wake unakaa kimya vile vile. Atasubiri mpaka juu pajae vishimo, kisha atafunika na kupalia makaa juu ya mfuniko, moto juu moto chini. Kwako, mimina kwenye sufuria iliyopashwa juu ya jiko, moto mdogo, dakika nne au tano, vishimo vikionekana uiingize kwenye oveni ya nyuzi 180, na mwishoni uwashe moto wa juu mpaka upate rangi. Hakikisha tu mikono ya sufuria si ya plastiki.

Umeuliza: ukibadilisha, utakuwa bado mkate wa bibi? Nitakujibu kwa swali moja zaidi la kumpelekea. Muulize mama yake alikuwa akiumulia nini. Kabla hamira ya dukani haijaenea, wapishi wengi wa pwani walitumia tembo la mnazi kuwa chachu ya vitumbua na mikate, lile tamu lililogemwa asubuhi, linatiwa kwenye rojo na kuteketea motoni. Ikiwa ndivyo ilivyokuwa kwa mama yake, basi bibi yako mwenyewe ndiye aliyebadilisha, siku alipoacha tembo akashika hamira. Pengine mama yake alinuna. Alibadilisha tena alipoacha kinu akapeleka mchele mashineni. Na huo ndio mkate unaoulilia leo. Karafuu yenyewe, ambayo Mpemba hawezi kujieleza bila kuitaja, asili yake ni visiwa vya Maluku, na haikushika mashamba yetu mpaka karne ya 19. Muhogo tuulao na nazi ulivuka bahari kutoka Brazil. Sambusa na pilau majina yao yanatoka Uajemi. Hakuna anayediriki kuwaambia bibi zetu kwamba hivyo si vyao.

Ila si kila badiliko ni sawa, na hapa nasema maoni yangu waziwazi. Moto badilisha, chombo badilisha, nazi ya kopo tumia bila kuona haya. Mchele wa kurowekwa usiuache, tui usiliache, na kule kuungoja uumuke usikuache. Ukikorogea unga wa ngano na hamira ya keki ili uwe tayari kwa nusu saa, utapata mkate mtamu, ule na watoto wako kwa furaha, lakini upe jina jingine. Na kwenye daftari lako andika kurasa mbili: mkate wa bibi kama alivyoupika Wete, kwa tarehe, na mchele ulitoka wapi na nazi zilikuwa ngapi, kisha mkate wa bibi kama ninavyoupika Leicester, na nini umebadilisha na kwa nini. Mjukuu wako atakapouhamishia kwingine, atajua lipi lilikuwa la lazima na lipi lilikuwa baridi ya Uingereza tu.

Imebaki sufuria. Pima upana wa mdomo wake, kimo chake na unene wa kitako. Watu huidharau, lakini ukihama kutoka sufuria ya sentimita 20 kwenda ya 24, eneo la chini linaongezeka kwa zaidi ya theluthi moja, rojo linalala chini, na mkate ule ule unatoka mwembamba na mkavu. Kisha tafuta sokoni Wete mpya ya upana ule ule, mpikie bibi mikate miwili mitatu ndani yake mpaka aizoee. Ndipo umwombe ile ya zamani, yeye mwenyewe, kwa mdomo wako, angali anajua anampa nani. Akikupa, ifunge kwa kanga yake moja, uitie kwenye mzigo wa mkononi, na ukifika usiisugue kwa chuma.